Mita Sitini za Msimbazi: Sheria Ipo, Mto Haujaisoma

Wadau, leo naomba tuongee kitu ambacho tunakikumbuka mvua zikinyesha tu, halafu jua likitoka tunakisahau. Naongelea mabonde ya mji wetu wa Dar, hasa Bonde la Msimbazi, na hizi sheria zinazosema humo hapajengwi. Najua wengine mnasoma hapa kafe huku mnaangalia saa inavyohesabu dakika, kwa hiyo sitazunguka sana. Ila naomba usome mpaka mwisho, hasa kama una mpango wa kununua kiwanja siku moja. Nitakwambia kwa nini.

Nianze na ya nyumbani. Mama yangu mdogo alinunua kiwanja pembeni ya bonde miaka ya tisini. Mtaa siutaji. Alikuwa anauza vitumbua na maandazi, akajibana miaka minne, akapata hela. Dalali akampeleka, mwenye eneo akawepo, mashahidi wawili wakawepo, karatasi ikaandikwa na ikapigwa muhuri. Ule muhuri mimi nimeuona kwa macho yangu, umekaa vizuri kabisa katikati ya karatasi. Akajenga chumba kimoja, kikawa viwili, vikawa vinne na sebule. Nguzo ya umeme ikaja, bomba likaja. Siku moja akarudi kutoka sokoni akakuta ukutani kuna alama ya X nyekundu. Baada ya hapo tingatinga. Ile karatasi yenye muhuri bado anayo, ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Sasa kabla hujaniambia "alijitakia mwenyewe, alijenga mtoni", tulia kwanza tuangalie sheria inasemaje. Mimi si mwanasheria, ila sheria zetu zinasomeka ukizivumilia.

Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 7, inataja kitu kinaitwa ardhi hatarishi. Humo ndani wameweka mikoko, ardhioevu, ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe, na miteremko mikali. Halafu ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kifungu cha 57, kama kilivyotungwa, kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, fukwe za bahari na maziwa, na mabwawa. Sheria hiyo hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza eneo lenye kinamasi kuwa ardhioevu inayolindwa. Mwaka 2009 ikaja Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, nayo ikarudia zile zile mita 60. Kwa hiyo jamani sheria SIO tatizo la kwanza. Zipo tatu, na zote zinaimba wimbo mmoja.

Tatizo linaanzia hapa: mita 60 kutoka wapi?

Mliozaliwa Magomeni, Kigogo au Hananasif mnanielewa. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unateremka kama kilometa 35 hivi, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, mpaka unaingia baharini pale daraja la Salenda. Wakati wa kiangazi, sehemu nyingine unauruka na kandambili zako mkononi. Mvua zikija, maji hayakai ndani ya kingo, yanatandaa bonde zima, yanakula udongo wa upande mmoja na kuumwaga upande wa pili. Mwaka huu ukingo uko hapa, mwaka kesho uko kwenye choo cha jirani. Ukichukua futi kamba ukapima mita 60 mwezi wa tisa, na mimi nikapima mwezi wa nne, tutapata mistari miwili tofauti. Na hapo katikati ya mistari yetu kuna mamia ya nyumba.

Bonde lenyewe sehemu ya chini ni pana kuliko hizo mita 60. Pale Jangwani simama katikati utazame Magomeni halafu utazame Kariakoo. Eneo lote hilo ni la maji. Mto umelipanga hivyo tangu babu zetu hawajafika. Hii ndiyo maana ya ardhioevu: ni pahali ambapo maji yanapumzika kabla ya kwenda baharini. Udongo unayanywa, matete yanayachuja, mikoko kule mdomoni inayapunguza kasi. Ukimwaga zege juu yake maji hayapotei, yanatafuta kwenda kwingine. Na kwingine ni sebuleni kwa mtu.

Kwa hiyo sheria imeweka namba, wakati kitu kinachotakiwa kulindwa ni bonde. Mtu anaweza kujenga mita 65 kutoka ukingoni akawa sawa kabisa kwa kusoma kifungu kile, na bado akalala juu ya maji. Kumlinda huyu, au kulilinda bonde dhidi yake, inabidi kile kipengele cha ardhioevu na ardhi hatarishi kitumike. Na hapo ndipo kuna utaratibu: lazima itangazwe, taarifa itolewe, wanaoishi pale wasikilizwe. Haijitangazi yenyewe kwa sababu tu mvua imenyesha. Utaratibu huu watu wengi hawajui kama upo, na wanaojua wanaona ni mrefu. Tingatinga ni fupi zaidi.

Tukumbushane historia kidogo, maana sisi Wabongo kwa kusahau hatujambo. Mpango mkuu wa jiji wa 1979 ulishalihesabu bonde hili kuwa eneo la hatari. Mji ukakua, watu wakajenga. Desemba 2011 ikanyesha mvua ambayo ilisemekana haijaonekana Dar tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa. Waliookolewa juu ya mapaa tuliwaona wote kwenye televisheni. Serikali ikawapeleka waathirika Mabwepande, kule njia ya Bagamoyo, wakapewa viwanja na mahema. Wengine walibaki huko na leo wana nyumba zao. Wengine wakarudi bondeni. Tuliwacheka sana. Lakini jiulize, mama anayeuza samaki wa kukaanga Kariakoo, akiamkia Mabwepande anafika sokoni saa ngapi na nauli inabaki kiasi gani? Alirudi kwa sababu bondeni ndiko kulikuwa karibu na riziki yake, basi.

Desemba 2015 yakaja mabomoabomoa. Nyumba zikapigwa X, zikaanguka, vilio vikasikika mpaka mahakamani. Januari 2016 Mahakama Kuu ikatoa zuio la muda kwa waliofungua kesi, zoezi likapoa. Ukisikiliza hoja za watu wakati ule utaona kuna swali la kisheria ambalo halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Wengi walisema: sisi tulikuwepo hapa kabla ya 1999, kabla ya 2004. Sheria ndiyo imetukuta. Je, mtu aliyekutwa na sheria anabomolewa sawa na aliyeivamia sheria? Mimi naona hapana. Kulilinda bonde ni jambo moja, na kumfanya maskini alipe peke yake gharama ya makosa ya kila mtu ni jambo lingine.

Na hapa ndipo naomba uvumilie kidogo, maana kuna kitu kinaniuma. Wakati akina mama mdogo wanaambiwa bondeni hapajengwi, sisi kama nchi tulijenga nini bondeni? Karakana ya mabasi ya mwendokasi. Pale pale Jangwani, katikati ya eneo la maji. Mabasi yakaanza kazi Mei 2016, na kila msimu wa mvua kubwa tukaanza kusoma habari zile zile: barabara ya Morogoro imefungwa Jangwani, karakana imejaa maji, mabasi yameharibika, abiria wamekwama Magomeni na Fire. Hapo hakuna mama wa vitumbua. Hapo kulikuwa na wahandisi, michoro, vikao na mihuri mikubwa kuliko ule wa mama mdogo. Nasikia watu wakisema watu wa bondeni ni wabishi. Sawa, na sisi wengine tuitweje?

Sijaandika hili ili tuichekelee serikali. Nimeliandika kwa sababu ni ushahidi mzuri kuliko wote kwamba maji hayaangalii kibali. Na kwa kweli serikali yenyewe imeshakubali. Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, na ukijumlisha fedha za Hispania na Uholanzi mradi mzima unafika dola milioni 260. Humo kuna kuhamisha ile karakana kuipeleka Ubungo, kuna daraja jipya la Jangwani, kuna kuhamisha watu kwa fidia, na kugeuza sehemu ya chini ya bonde kuwa bustani ya jiji. Yaani tunakopa mamilioni ya dola ili kurudisha bonde liwe kama lilivyokuwa, bonde. Hebu piga hesabu vigingi vya zege mia mbili vya kuweka mpaka mwaka 1979 vingegharimu shilingi ngapi.

Hatuko peke yetu. Tuangalie majirani.

Waganda wana sheria kali kuliko yetu. Katiba yao ya 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashikilia ardhioevu kwa niaba ya wananchi wote. Hapo huwezi kusema hujui. Mwaka 2014 baraza lao la mawaziri likaamua hati zilizotolewa kwenye ardhioevu baada ya 1995 zifutwe. Lakini takwimu zao zinaonyesha ardhioevu ilikuwa asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994, na kufika 2019 ilikuwa asilimia 8.9. Kampala wana kinamasi kinaitwa Nakivubo, ambacho kinachuja maji taka ya jiji kabla hayajaingia Ziwa Victoria. Watafiti mwishoni mwa miaka ya tisini walikadiria kazi hiyo ina thamani ya mpaka dola milioni 1.75 kwa mwaka. Mtambo wa bure, hauli umeme, na bado watu wanaumwagia kifusi. Juni 2024 mamlaka yao ya mazingira ikaingia Lubigi na kubomoa nyumba, na kelele zikawa zile zile: kwa nini sisi na sio viwanda?

Nairobi nao Agosti 2018 walifanya kitu ambacho hapa kwetu ni nadra. Waliangusha majengo ya wakubwa. Duka kubwa la South End kule Lang'ata lilibomolewa, na Ukay kule Westlands likafuata, kwa sababu yalikuwa juu ya kingo za mito. Wengi tulipiga makofi. Lakini mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipokuja, Mathare ndiyo iliyozoa maiti, na baada ya hapo tingatinga likaelekezwa Mathare. Kuonyesha mfano kwa wakubwa mara moja halafu kurudi kwenye mazoea ni nguvu ya soda tu.

Mfano ninaoona una la kutufundisha ni Kigali. Kule Gikondo kulikuwa na viwanda ndani ya ardhioevu. Wakaviondoa, wakavihamishia eneo lililotengwa. Halafu kule Nyandungu wakachukua kinamasi kilichochakaa, wakakisafisha, wakapanda miti, wakaweka njia za kutembea, na Julai 2022 wakakifungua kama bustani. Mwaka huo huo Kigali ikatambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa mji wa ardhioevu. Nako si peponi, tusidanganyane. Mwishoni mwa 2019 maelfu ya kaya zilitolewa mabondeni kwa haraka na watu walilalamika sana. Lakini walau walianza na viwanda pia, na walipoondoa watu waliweka kitu pale. Bonde likiachwa tupu linavamiwa tena. Likiwa na njia ya kukimbilia asubuhi, uwanja wa mpira na miti ya kivuli, linapata walinzi elfu bila mshahara.

Na sisi ule mkataba tumo tangu 2000. Tuna maeneo manne: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Yote mazuri, na yote yako mbali na mjini. Ni kama tumekubaliana ardhioevu ni mahali pa korongo na viboko, ila ya hapa mjini ni "mabondeni", neno ambalo kwetu limekuwa karibu tusi. Wakati sensa ya 2012 ilihesabu Dar watu milioni 4.36, na ile ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Hao milioni moja walioongezeka wanalala mahali.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Sheria yetu inalinda bonde baada ya nyumba kusimama. Inapaswa kulilinda kabla ya tofali la kwanza. Ile X nyekundu ni ushahidi kwamba sheria imechelewa, sio kwamba imefanya kazi. Naona mambo manne.

Moja, mpaka wa bonde uchorwe kwa kufuata maji yanakofika, sio kwa futi kamba ya mita 60 peke yake. Vigingi viwekwe ardhini, ramani ibandikwe ukutani kwenye kila ofisi ya serikali ya mtaa inayopakana na bonde, mahali ambapo mtu anayekwenda kununua kiwanja ataiona.

Mbili, utaratibu wa kutangaza ufuatwe wazi, na waliokutwa na sheria watenganishwe na walioingia baada ya vigingi. Wa kwanza walipwe na wapelekwe mahali penye usafiri na kazi. Wa pili wasipate kitu.

Tatu, anayepiga muhuri awajibike. Leo anayeuza anakula hela, dalali anakula chake, shahidi anakula chake, mwenye muhuri anakula chake. Anayebomolewa ni mmoja tu. Siku mpiga muhuri mmoja atakaposimama kizimbani, viwanja vya bondeni vitakosa soko bila tingatinga.

Nne, serikali ijibane na mpaka huo huo. Ikitaka kujenga karakana, soko au shule, ianze kwa kuangalia ramani ile ile iliyombandikia mama wa vitumbua.

Nimalizie na nyie vijana, ndiyo sababu ya kuandika. Juzi mshikaji wangu kanipigia simu ana furaha, kapata kiwanja "cha chee" pembeni ya Mto Mbezi. Nikamuuliza amekwenda kukiona mwezi gani. Akasema wa nane. Nikamwambia asitoe hata shilingi, arudi masika. Na wewe fanya hivyo hivyo. Tazama kuta za majirani kama zina mstari wa tope. Ukiona matete, au udongo mweusi unaovutavuta mguu, jua upo sebuleni kwa mto. Uliza mzee wa pale, sio dalali. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri ukiwa na eneo mkononi, uliza limepangwa kuwa nini, kabla ya kwenda kwenye muhuri. Utapoteza siku mbili na nauli. Mama mdogo alipoteza miaka ishirini.

Mshikaji amekasirika, anasema namrudisha nyuma kimaendeleo. Anasema dalali kampa mpaka Ijumaa. Sijui ataamua nini.

Kama na wewe una karatasi yenye muhuri kama ya mama mdogo, au una jirani aliyeuziwa bonde, tuandikie hapo chini ilivyokuwa. Majina ya watu usiweke. Na kama mimi nimekosea kwenye sheria, wanasheria mliomo humu nirekebisheni, nitashukuru.

Nawasilisha.